Kabla ya betri ya moyo, tupeni ECG

Leo tuweke siasa pembeni, tuongelee moyo. Sio ule wa mapenzi, huu wa kusukuma damu.

Ukifika Kigombe, kile kijiji cha wavuvi kati ya Tanga mjini na Pangani, angalia watu wanavyopandisha chombo ufukweni. Mmoja anatoa sauti, wote wanavuta kwa pamoja. Wa kulia wakivuta kwanza halafu wa kushoto wakachelewa, jasho litawatoka na chombo hakisogei.

Moyo nao ndivyo ulivyo. Sauti yake ni umeme mdogo unaoanzia chumba cha juu kulia, unashuka katikati, kisha unagawanyika matawi mawili. Tawi la kushoto likiziba, upande ule unapata taarifa kwa kuchelewa. Ukuta wa kati unaminya, wa pembeni bado. Wa pembeni ukianza, ule wa kwanza umeshalegea. Damu inayumba humo humo ndani badala ya kutoka.

Kwa mtu ambaye moyo wake umeshachoka, hayo ni matatizo juu ya matatizo: pumzi inakata, miguu inavimba, kulala chali hawezi. Na vidonge, pamoja na umuhimu wake, havizibui tawi lililoziba. Ndio maana ikabuniwa betri ya moyo ya nyaya tatu, inayoziamsha pande zote mbili kwa wakati mmoja. Utafiti wa CARE-HF wa mwaka 2005 ulifuatilia wagonjwa 813 huko Ulaya. Waliotumia dawa peke yake walifariki asilimia 30, waliowekewa na betri asilimia 20.

Sasa swali: nani awekewe? Hapa ndipo penye hoja yangu.

Kuna kuchelewa kwa umeme, kunakoonekana kwenye ECG. Kuna kuchelewa kwa misuli yenyewe, kunakoonekana kwenye ECHO, ile ultrasaundi ya moyo. Wengi tungedhani ECHO, mashine ya gharama, ndiyo itoe hukumu. Mwaka 2013 utafiti wa EchoCRT ukaonyesha vingine. Wagonjwa 809 ambao ECHO ilisema misuli inachelewa, lakini umeme wao haukuchelewa kiasi hicho, waliwekewa betri; nusu zikawashwa, nusu zikaachwa zimezimwa. Katika waliowashiwa walifariki 45, katika waliozimiwa 26. Utafiti ukasimamishwa kabla ya wakati.

Maana yake, ECHO inahitajika kupima nguvu ya moyo kusukuma, lakini anayepaswa kufikiriwa betri anajulikana kwa ile karatasi ya ECG. Mawimbi makuu yakizidi milisekunde 120 kwa upana, kuna jambo. Yakifika 150 na tawi la kushoto limeziba, huyo ndiye anayenufaika zaidi. Kipimo chenyewe ni sekunde chache, na mashine yake inabebeka mkononi.

Mtaniambia: bwana mdogo, betri ni mamilioni, na taasisi ya moyo ya JKCI iko Dar, zaidi ya kilomita 300 kutoka Kigombe. Kweli kabisa. Lakini ECG hiyo hiyo inamwonyesha pia mwenye mapigo yasiyo na mpangilio na mwenye moyo unaopiga polepole mno. Halafu tutapangaje bajeti bila kujua wahitaji ni wangapi? Bunge lilipitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote mwaka 2023. Bima inalipia kilichoandikwa kwenye faili, na asiyepimwa hana cha kuandikiwa.

Na wagonjwa wetu si wazee tu. Utafiti wa Dk. Abel Makubi na wenzake pale Muhimbili, uliochapishwa mwaka 2014, ulikuta wagonjwa 427 wa moyo kushindwa kufanya kazi wana wastani wa miaka 55, na chanzo kinachoongoza ni presha. Hao ni watu ambao bado wanalisha familia.

Rai yangu ni ndogo. Kila mgonjwa wa aina hii apimwe ECG karibu na kwake, upana uandikwe kwenye faili, na karatasi ipigwe picha kwa simu imfikie bingwa. Kigogo kukata utepe kwenye mashine kubwa mjini kusubiri kidogo.

Kama una mzazi anayetibiwa ugonjwa huu, siku ya kliniki muulize daktari swali moja: ECG yake ina upana gani?

Naomba kutoa hoja.