Halmashauri Isiyo na Mfuko

Mwananchi wa Nyamiaga, wilayani Ngara, akiona kivuko kimebomoka hujua pa kupeleka shida yake: serikali ya kijiji, kata, kisha halmashauri ya wilaya. Njia hiyo tumeizoea hata tunasahau kwamba ilipata kufutwa.

Mwaka 1972, chini ya mpango wa Madaraka Mikoani, halmashauri za wilaya zilivunjwa. Nia ilikuwa kuwasogeza wataalamu karibu na wakulima. Wataalamu walisogea kweli, lakini wakiwajibika kwa wakubwa wao wa Serikali Kuu, si kwa wananchi. Mijini huduma zilizorota hata mabaraza yakarudishwa mwaka 1978. Sisi wa vijijini tulingoja sheria za mwaka 1982, na halmashauri zikaanza kazi tena mwaka 1984. Mwaka huohuo Mwalimu Nyerere, angali Rais, alisema kwamba kama angeanza upya asingefuta serikali za mitaa wala vyama vya ushirika. Ni viongozi wangapi duniani husema hivyo wakiwa bado madarakani?

Lakini hebu tuulize kilichorudi ni kitu gani. Viti na mihuri vilirudi; mfuko ni jambo jingine. Kodi ya maendeleo ilipofutwa mwaka 2003 wengi walishangilia, na walikuwa na haki, kwa jinsi maskini walivyosumbuliwa na wakusanyaji. Hata hivyo pengo lilizibwa kwa ruzuku ya Hazina, na mwenye kulishwa hachagui chakula.

Waayalandi walipita njia hiyohiyo kabla yetu. Mwaka 1978 walifuta kodi ya nyumba za kuishi, Serikali Kuu ikaahidi kufidia. Mabaraza yao yakazidi kuitegemea Dublin kwa fedha. Kodi ya nyumba ilibidi irejeshwe mwaka 2013, na mwaka uliofuata mabaraza 80 ya miji yakafutwa.

Kwa hiyo halmashauri ziachiwe vyanzo vya kutosha, na hesabu zisomwe hadharani. Sheria inataka mkutano mkuu wa kijiji ufanyike kila miezi mitatu, na kila mkazi aliyetimiza miaka 18 ni mjumbe. Mwalimu na mganga waishio kijijini ni wajumbe pia, japo wengi wetu watumishi huuona mkutano huo kuwa shughuli ya wakulima. Mapato na matumizi yanaposomwa pale, ni nani mwingine aliyezoea kusoma hesabu atakayeuliza fedha za kivuko zilikwenda wapi?