Sikukuu ya Somo Si Soko la Vitenge

Ndugu zangu Wakristu wa Masisi na Walikale, kuwaheshimu watakatifu ni mafundisho tuliyoyapokea kwa wazazi wetu, wala sioni haja ya kulitetea jambo ambalo kila mbatizwa amekwisha kulikiri. Linaloniunguza moyo ni hili, kwamba sikukuu ya somo wa parokia, siku iliyowekwa ili tumshukuru Mungu kwa fadhila za mtumishi wake na kuzifuata, tumeigeuza mashindano ya mavazi na karamu, hata ikifika jioni mtu aweza kukutajia bei ya kitenge na hesabu ya mbuzi waliochinjwa, lakini ukimwuliza mtakatifu huyo alitenda nini, anababaika.

Kamati ikikutana, aghalabu shauri la kwanza ni kitenge chenye picha ya somo, la pili mbuzi, la tatu pombe ya kasiksi. Novena hutajwa watu wamekwisha kusimama wakitafuta kofia zao. Nimemwona kwa macho yangu mama mmoja aliyekimbia vita, mtoto mgongoni na mkungu wa ndizi kichwani kwa ajili ya matoleo, akitolewa katika maandamano na kijana wa itifaki kwa kuwa kikwembe chake hakikuwa cha sare. Ndizi zikapokewa, mwenyewe akasimama nje ya mlango. Uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti!

Mkumbukeni Mwenye heri Isidori Bakanja, kijana wa nchi hii hii, aliyepigwa viboko shambani kwa Mzungu kwa sababu alikataa kuivua skapulari ya Bikira Maria, akafa kwa majeraha hayo tarehe 15 Agosti 1909, naye amekwisha kumsamehe aliyempiga. Yeye alikufa kwa ajili ya kitambaa kisichozidi kiganja. Sisi twanuniana kwa ajili ya yadi sita.

Wala msiseme hayo ni ya zamani. Floribert Bwana Chui wa Goma, mtumishi wa ofisi ya kukagua bidhaa, alikataa hongo ili vyakula vilivyoharibika visiuzwe kwa maskini, akauawa Julai 2007 akiwa na miaka 26. Na tarehe 15 Juni 2025 akatangazwa Mwenye heri kule Roma. Haya, mtaichapa picha yake, nami nitaipenda. Lakini mchuuzi anayechanganya maharagwe mazima na yaliyooza, mnunuzi wa madini anayebonyeza mzani huko Walikale, na karani anayeuza muhuri, watamvaa Bwana Chui kifuani kwa uso gani?

Sisemi haya kwa kuwadharau. Nani asiyeijua imani yenu, ninyi mnaokata msitu na matope ili mpate Misa moja, ninyi ambao vita vimewatoa makwenu mara kwa mara, nanyi mkasali rozari na shirika lenu katika mabanda ya turubai? Watu wa namna hiyo wakishindana kwa vitenge, ndipo uchungu unapozidi.

Na kwa kuwa nimekwisha kufungua mdomo, acheni niseme na la majina. Mwaka 1972 Rais Mobutu aliyapiga marufuku majina ya Kikristu, padri atakayembatiza mtoto kwa jina la kigeni akatishiwa kifungo cha miaka 5, na Kardinali Malula akalazimika kuiacha nchi kwa muda. Wazee wetu waliyahifadhi majina hayo majumbani. Leo hakuna askari anayetukataza, na mzazi analeta mtoto kisimani kwa jina la mchezaji wa mpira, akiambiwa achague somo, anamjibu katekista, "Andika lolote." Lolote! Wala siyapingi majina ya kienyeji, maana Mwenye heri Anuarite, mtawa aliyeuawa Isiro tarehe 1 Desemba 1964 kwa kuilinda nadhiri yake, ameliinua jina la kwao likaitwa altareni. Ninachopinga ni ubaridi huu. Katekista mwenye busara asiandike kitu. Amrudishe mzazi huyo nyumbani, aje Jumapili nyingine naye aweza kusimulia, mbele ya shirika lake, maisha ya mtakatifu mmoja tu tangu kuzaliwa hata kufa.