Mita Kwanza, Waya Baadaye

Mtu aweke mita ya umeme nyumbani au asiweke? Aweke. Na kwa sisi wa Kasongo na Kabambare, huku Maniema, tunaongeza sharti moja: iwekwe kabla waya haujaingia ndani, si baada ya ugomvi wa kwanza.

Tunajua tulipo. Kwa walio wengi, taa ya usiku inatoka kwenye paneli ndogo juu ya bati, kwenye tochi, au kwenye waya uliovutwa kutoka kwa jirani mwenye jenereta. Huyo wa jenereta ndiye SNEL wetu, ndiye shirika letu la umeme. Anawasha jua likizama, anazima mapema mazutu yakipanda bei, na mwezi ukiisha anapita nyumba kwa nyumba akihesabu: taa bei hii, televisheni bei ile, friza mtaelewana. Nani ametumia kiasi gani, hakuna ajuaye. Hata yeye hajui. Anajua tu kwamba mafuta yameisha na pesa hazijatosha.

Tupige hesabu kidogo. Mama mmoja ana taa moja ya LED ya wati 9, anaiwasha saa tano kila jioni. Mwezi mzima hafikishi hata kilowati-saa moja na nusu. Jirani yake naye ana taa moja, ya zamani, ya wati 60. Kwa saa zilezile anamaliza kilowati-saa 9. Wanalipa sawa, maana taa ni taa. Nyumba ya tatu imechomeka pasi mlango ukiwa umefungwa. Pasi ya wati 1000 ikipata moto saa moja mfululizo imekula umeme ambao ungemtosha yule mama siku 22. Jenereta inalemewa, taa zinafifia mtaa mzima, na mwezi unaofuata bei inapanda kwa wote. Mama amelipia kunyoosha nguo za watu, wala hakuulizwa.

Sokoni hatukubali hivyo. Mchele unapimwa kwa kopo, kopo linajazwa mbele ya macho yako, na muuzaji akiingiza kidole ndani unamwambia akitoe. Kwa nini umeme tuununue kwa kukisia?

Visingizio tumevisikia vyote. Cha kwanza: mita inakula pesa. Basi ipimeni. Mita nyingi zina kitaa chekundu kinachomweka, na karibu yake pameandikwa ni mimweko mingapi kwa kilowati-saa moja, mara nyingi 1000. Zima vitu vyote ndani. Kama bado kinamweka, kuna mtu kwenye waya wako au kuna hitilafu, na umekwisha kupata pa kuanzia malalamiko. Kisha washa taa moja ya wati 100 peke yake: ndani ya saa moja kinatakiwa kumweka mara 100 hivi. Mtoto wa shule anaweza kuhesabu. Kwa mwenye jenereta anayekisia, ungehesabu nini?

Cha pili: huku mtandao hauaminiki, mita za kisasa zitafanya kazi vipi? Hapa wenye kulalamika wana haki nusu. Ulaya wanabishana juu ya mita zinazotuma hesabu zenyewe kwa kampuni na zinazoweza kukatwa kutoka mbali. Hatuhitaji zote hizo. Mita ya kulipia kabla, yenye vitufe, inatosha: unanunua namba ya tarakimu 20, unaibonyeza, umeme unaingia. Namba inaweza kuandikwa kwenye karatasi dukani ikafika kijijini kwa pikipiki, mita itaipokea tu. Tanzania wametumia mita za namna hiyo, LUKU, tangu miaka ya 1990, na Goma watu wanaongea habari za kashpawa, umeme wa kulipia kabla, kama wanavyoongea za unga. Somo moja tulichukue kwao mapema: mita za aina hiyo duniani kote ilibidi ziwekewe namba maalumu za kuzihuisha kabla ya tarehe 24 Novemba 2024, la sivyo zingekataa umeme mpya. Anayeuza ndiye mwenye wajibu wa kuja kukuonyesha jambo kama hilo, na mkataba useme hivyo.

Cha tatu, mita ni ghali. Ni kweli haigawiwi bure. Lakini ni chombo cha muuzaji, alete yeye na gharama airudishe pole pole ndani ya bei ya umeme. Kumdai mama wa taa moja dola nyingi siku ya kwanza ni kumfukuza, na akifukuzwa atavuta waya kutoka kwa jirani gizani. Wizi mwingi wa umeme unaanzia hapo.

Kingine ni kile cha kusubiri: tusubiri bwawa la Inga, tusubiri serikali, tusubiri amani iimarike. Kabambare wana sababu nzito za kusema hilo la mwisho, hatutawabeza. Ila Inga ipo upande wa pili wa nchi, na waya mkubwa ukipita hautashuka wenyewe nyumbani kwako. Sheria ya tarehe 17 Juni 2014 ilikwisha kuondoa ukiritimba wa SNEL. Leo kampuni binafsi inaweza kuzalisha na kuuza. Ndivyo ilivyokuwa Rutshuru, kituo cha umeme wa maji cha Matebe kilipozinduliwa mwisho wa 2015, na Goma mwaka 2020, kampuni ya Nuru ilipowasha mtambo wake wa jua wa megawati 1.3. Nuru hiyohiyo ilitangaza mwaka 2023 kwamba imekusanya zaidi ya dola milioni 40 kwa miradi ya Goma, Bunia na Kindu. Kindu ni mlangoni kwetu. Anayedhani hakuna atakayekuja Kasongo kuuza umeme, au Salamabila kwenye dhahabu ya Namoya, hajui pesa zinavyonusa.

Muuzaji huyo akija atakuta mtaa uliozoea kulipa kwa taa, na mtaa wa namna hiyo ni rahisi kuupanga apendavyo.

Wakuu wa mitaa, wanakamati na mapadri na maimamu wanaoombwa maoni kila mara wasimuulize kwanza nguzo zitapita wapi. Wamuulize kilowati-saa moja ni faranga ngapi, namba zitauzwa wapi jioni mtandao ukianguka, na mita ikiharibika nani anaitengeneza, ndani ya siku ngapi. Majibu yaandikwe kwa Kiswahili, yabandikwe kwenye ukuta wa ofisi ya mtaa. Na wenye jenereta walio nasi leo wasisubiri mgeni: mita ndogo kwa kila mteja, hata zile za kawaida za kusomwa kwa macho, zingemwondolea mwenye jenereta nusu ya matusi anayoyapata kila mwisho wa mwezi. Mazutu angeyauza kwa aliyeyatumia, na mwenye pasi angejulikana.