Tusiuite Kila Mti Rafiki wa Udongo
Mimi ni mtu wa isimu, si wa mimea. Lakini neno likipotosha, naona ni wajibu wangu kusema. Kila msimu wa kupanda miti, shule zetu huusifu mkaratusi kuwa "mti wa mazingira". Walimu wawapeleke wanafunzi mlimani Sagalla, karibu na Voi, wakatazame chini ya mti huo wenye asili ya Australia. Hunywa maji mengi, na majani yake yaangukapo hutoa kemikali zinazozuia mbegu za mimea mingine kuota. Nyungunyungu nao hawayapendi.

Katika udongo wa Sagalla huishi kiumbe wa jamaa ya vyura, asiye na miguu, ambaye wengi humdhania nyungunyungu. Wanasayansi walimpa jina Boulengerula niedeni mwaka 2005. Hapatikani kwingineko duniani. Hula nyungunyungu na mchwa, na huhitaji udongo laini, wenye unyevu.

Sisemi mikaratusi yote ing'olewe, maana nguzo na kuni zake zina wanunuzi. Ila kandokando ya vijito na mashamba ya Sagalla, miti ya asili irudishwe, kama baadhi ya wenyeji walivyokwisha kuanza.