Mbabe wa tangi na maji mapya

Dukani huwa mdogo kuliko kidole gumba, wa manjano, mwenye mistari myeusi inayometameta. Wanasayansi humwita Melanochromis auratus. Kwao ni kwenye miamba ya kusini mwa Ziwa Nyasa, na ni wa ukoo wa sikilidi, ule ule wa sato na perege. Mnunuzi humchukua kwa ajili ya rangi. Miezi michache baadaye, kama ni dume na ameshatwaa enzi ya tangi zima, manjano yanatoweka, mwili unakuwa mweusi, na wenzake wanaanza kuonekana wamejibana nyuma ya pampu, mapezi yamechanika.

Hapo ndipo wafugaji wengi wa samaki wa mapambo hufanya kosa linalofanana na huruma. Tangi jipya linanunuliwa Jumamosi asubuhi, jioni linajazwa maji ya bomba, na kabla ya kulala mbabe ameshahamishwa. Waliobaki wanapumua, na mwenye tangi anahesabu kuwa shauri limekwisha. Kumbe kwa samaki aliyehamishwa ndiyo kwanza linaanza. Kumtenga mara nyingi ni sahihi. Lisilo sahihi ni kumtosa katika maji yasiyo na uhai kwa sababu tu yanang'aa.

Tangi likikaa muda, huwa na wakazi wasioonekana. Mkojo, kinyesi na mabaki ya chakula hutoa amonia, na samaki mwenyewe huitoa kupitia matamvua yake. Aina moja ya bakteria huigeuza kuwa nitriti, ambayo nayo ni sumu. Aina nyingine huigeuza nitriti kuwa nitreti, ambayo samaki huivumilia zaidi. Bakteria hao wanaishi hasa kwenye sifongo ya kichujio, juu ya mawe na katika changarawe. Ndani ya maji yenyewe ni wachache, ndiyo maana kuchota ndoo mbili za maji ya zamani na kuyamimina katika tangi jipya hakusaidii kama watu wanavyodhani. Kundi la bakteria hao huhitaji kwa kawaida wiki nne hadi sita kujijenga, na huanza kujijenga pale tu panapokuwa na amonia ya kula. Tangi lililojazwa maji na kuachwa tupu mwezi mzima bado ni jipya.

Kwa samaki wa maziwa yetu makubwa, jambo hili ni zito kuliko kwa wengine, na wauzaji wachache hulieleza. Maji ya Ziwa Tanganyika yana pH inayokaribia 9. Ya Nyasa yako chini kidogo, lakini nayo ni ya upande wa alikali. Mfugaji mwangalifu huiga hali hiyo kwa mawe ya chokaa au chumvi maalumu. Sasa, amonia ndani ya maji huwa na sura mbili, moja isiyo na madhara makubwa na nyingine yenye sumu kali, na pH ndiyo inayoamua ipi itatawala. Katika nyuzijoto 25, maji yenye pH 7 huwa na chini ya asilimia 1 ya amonia katika sura ile ya sumu. Kwenye pH 8 inafika kama asilimia 5. Kwenye pH 9 inapita theluthi moja. Kiasi kile kile cha uchafu ambacho samaki wa mito ya Amazon angekistahimili katika maji yenye tindikali kidogo kinaweza kumuua mbabe wa Nyasa ndani ya tangi ambalo bwana wake amelitengeneza kwa uangalifu wote lifanane na ziwa. Dalili huwa wazi: samaki anahema juu ya maji, matamvua yamekuwa mekundu, chakula hakitaki. Wengi husema ana hasira za kuhamishwa.

Upande wa pili ni tangi alilotoka. Mwaka 2005, watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford walichapisha kazi yao juu ya Astatotilapia burtoni, sikilidi wa Ziwa Tanganyika. Walipomwondoa dume mkubwa, dume aliyekuwa mnyonge alianza kung'aa rangi na kufukuza wenzake ndani ya dakika chache. Ukimtoa mbabe, kiti chake hakikai wazi. Katika tangi lenye madume watano na nafasi ya mmoja, mwenye nyumba atanunua matangi mpaka sebule imjae.

Kwani ukorofi wenyewe unatoka wapi? Ziwa Nyasa lina urefu unaozidi kilomita 500. Dume wa miambani hulinda eneo dogo la mawe yenye mwani, ambao ndio chakula chake na pahali pake pa kuitia majike. Anayeshindwa huogelea mita kadhaa na ugomvi unaisha. Ndani ya kioo cha lita 80 hakuna mita kadhaa. Anayeshindwa anabaki mbele ya macho ya aliyemshinda usiku na mchana, na kila anapoonekana anahesabiwa mvamizi. Tukimwita samaki huyo katili tunamwonea; anafanya kilichomlisha babu yake, ila kuta amewekewa na binadamu.

Konrad Lorenz, mwanasayansi wa Austria aliyepata tuzo ya Nobel mwaka 1973, aliandika juu ya tabia za samaki wa ukoo huu katika kitabu chake cha 1963 kuhusu ugomvi wa wanyama. Alieleza jozi za sikilidi zilizotenganishwa na jirani zao kwa kioo: madume walimaliza hasira kwa kutishana kupitia kioo na kuishi kwa amani na wake zao. Kioo kilipofunikwa na mwani hata jirani asionekane, dume aligeukia mke. Kwa anayepanga pa kuweka tangi la pili, habari hiyo ina faida kuliko kitabu kizima cha ushauri, hasa kama anayehama anahama na jike.

Utaratibu unaofaa hauna gharama kubwa, unataka subira tu. Tangi la pili lianze kazi wakati mbabe bado yuko katika la kwanza. Sifongo moja ya kichujio cha zamani, au nusu yake, ihamishiwe katika kichujio kipya ikiwa bado imelowa, bila kuoshwa kwa maji ya bomba, maana klorini inayotuulia vijidudu vya kipindupindu haichagui bakteria. Kisha vipimo vitumike, na samaki aingie pale amonia na nitriti zinaposoma sifuri ingawa chanzo cha amonia kinaendelea kuongezwa. Kwa wiki hizo, mbabe anaweza kufungiwa ndani ya tangi lile lile, katika kikapu cha plastiki chenye matundu au nyuma ya kizuizi kinachopitisha maji. Wakati huo huo mawe yapangwe upya, ili mipaka aliyoizoea ipotee. Kama wanaohama ni kundi zima, yeye aingie wa mwisho, akute wenzake wameshachagua mapango. Na ikiwa hali ya jirani zake ni mbaya mno, basi ahamishwe, lakini apewe chakula kidogo sana na maji yabadilishwe kila siku kwa yaliyoondolewa klorini.

Lawama kubwa iende dukani. Auratus huuzwa pamoja na samaki wapole katika tangi moja, mnunuzi hatajiwi ukubwa atakaofikia wala jinsi dume mmoja anavyohitaji majike kadhaa na tangi la lita 200 au zaidi. Muuzaji anayejua kazi yake angeuza kichujio wiki kadhaa kabla ya samaki, na angekubali kumpokea tena mkorofi aliyeshindikana.

Likikosekana hilo, baadhi ya watu huona kumwachia mtoni ndiyo suluhisho. Kanda ya Ziwa inafahamu bei yake: sangara alipandikizwa Ziwa Victoria katika miaka ya 1950, na furu wa aina nyingi hawajaonekana tena. Nako Indonesia, katika Ziwa Matano kisiwani Sulawesi, flawahoni, samaki chotara aliyezalishwa kwa ajili ya matangi na maarufu kwa ukorofi, sasa anazaana kando ya samaki wasiopatikana kwingine kokote duniani.