Kuchemsha Maji Si Kusafisha Mto

Husemwa mara nyingi kwamba mtu wa Kitui au Makueni atekaye maji katika Mto Athi hana sababu ya kuugua, mradi ayachemshe kabla ya kuyanywa. Ushauri huu ni mwema kwa upande mmoja, lakini kwa upande wa pili huwapumbaza watu.

Wema wake hauna shaka. Kipindupindu, homa ya matumbo na kuhara damu huletwa na vijidudu vitokavyo katika kinyesi. Moto huviua. Achemshaye maji hujikinga, na apuuzaye hujiponza.

Lakini maji ya Athi yametoka wapi? Mto Nairobi hupokea maji machafu ya mji na taka za viwanda, hupita kando ya jaa la Dandora, kisha humiminika katika Mto Athi, ambao huteremka ukawa mpaka baina ya Kitui na Makueni. Mwaka 2007 Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa lilitoa habari za watoto 328 waliopimwa karibu na jaa lile: nusu yao walikuwa na risasi katika damu kupita kiasi kilichokubaliwa. Mvua inyeshapo, taka za jaa husombwa mtoni.

Risasi hudhoofisha akili ya mtoto. Zebaki huharibu mishipa ya fahamu. Hivi si vijidudu, wala havifi kwa moto. Chemsha maji mpaka yapungue nusu, na risasi yote itabaki katika nusu iliyosalia. Huko Minamata, Japani, ambako ugonjwa wa zebaki ya kiwanda ulitambuliwa mwaka 1956, sumu ilikuwa ndani ya samaki, na hakuna jiko lililoweza kuitoa.

Yuko atakayejibu kwamba viwanda huwapa watu kazi. Ni kweli. Lakini mwenye mali ya kununua mitambo hakosi mali ya kusafisha maji yake machafu. Faida ikibaki kwa walio juu ya mto na maradhi yakawashukia walio chini, huo ni udhalimu. Kifungu cha 42 cha Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 humpa kila mtu haki ya mazingira safi. Hakikuwabagua wakaao chini ya mto.

Na jambo hili halingoji. Bwawa la Thwake, ambalo ujenzi wake ulianza mwaka 2018, limewekwa mahali Mto Thwake unapokutana na Athi. Maji yakituama, tope hutua, na sumu hutua pamoja nalo. Bwawa lijazwalo uchafu litakuwa ghala ya maradhi.

Basi, vijana, chemsheni maji. Lakini msikubali kuambiwa kwamba wajibu umekwisha hapo. Wa kwanza kuonywa ni mwenye bomba la taka, kabla ya mama mwenye sufuria.