Dau la pembeni linakula hela ya kodi

Shabiki wa soka siku hizi haishii kwenye mkeka wa Ligi Kuu Bara na ule wa England. Simu ileile yenye kona na kadi za njano sasa ina meza ya karata, na pembeni ya dau kubwa kuna viboksi vinawaka: jozi, sare, bima. Vinalipa mara 8, mara 11, vingine mara 25. Swali ni kama vinastahili hata jero.

Havistahili, na hesabu yake siyo ya profesa.

Chukua bakarati, mchezo unaofanana na mechi: kuna Mchezaji, kuna Benki na kuna Sare. Sare inalipa mara 8 juu ya dau, na hapo ndipo wengi wanaona ulaji. Lakini sare hutokea kama mara 9.5 tu katika mizunguko 100. Anayeweka Sh1,000 kila mzunguko anatoa Sh100,000, na kwa wastani anarudishiwa kama Sh85,600. Angebaki na Benki tu, hasara ingekuwa Sh1,060 hivi. Mchezo ni uleule, meza ni ileile, ila pembeni mtu analiwa zaidi ya mara 13.

Bima ya mchezo wa 21 ndiyo janja kuliko zote, kwa sababu ya hilo jina. Mgawaji akionyesha ree, mchezaji anaambiwa alinde dau kwa kuongeza nusu yake, alipwe mara mbili ikiwa karata iliyofichwa ina thamani ya 10. Kwa pakiti sita, ukiitoa ile ree, karata za namna hiyo ni 96 kati ya 311. Hiyo haifiki theluthi, na theluthi ndiyo inayotakiwa ili mtu asipate hasara. Kinachoitwa bima ni dau jingine kabisa.

Mwenye mkeka naye asicheke. Kona juu ya 9.5 na chini ya 9.5 zikipewa odi 1.85 kila upande, anayeweka Sh1,000 huku na huku anatoa Sh2,000 na kurudishiwa Sh1,850. Akiunganisha machaguo matano ya aina hiyo, kila Sh1,000 yake ina thamani ya Sh677 kabla refa hajapuliza filimbi.

Wapo wanaosema ni burudani tu, jero ikipotea ni sawa na soda. Wana hoja, kwa mechi moja. Mechi inakula dakika 90, lakini ndani ya muda huo karata za kwenye simu zinazunguka zaidi ya mara 100, na soda 100 siyo burudani tena. Hiyo ni kodi ya chumba.

Halafu mpira wenyewe unachafuka. Februari 2017, kipa wa akiba wa Sutton United, Wayne Shaw, alikula pai kwenye benchi timu yake ikicheza na Arsenal Kombe la FA, siku ambayo kampuni moja ilitoa odi ya 8 kwa 1 kwamba angefanya hivyo. Watu walicheka, ila FA ilimfungia miezi miwili na kumpiga faini ya pauni 375. Kadi ya njano haina tofauti na ile pai: mchezaji mmoja anaweza kuiamua peke yake, timu isifungwe na mtu asishtuke.

Bodi ya Michezo ya Kubahatisha Tanzania ndiyo inayotoa leseni. Iweke sharti moja: kila kiboksi cha pembeni kionyeshe kwa Kiswahili, kwa herufi za ukubwa uleule wa "mara 25", ni shilingi ngapi hurudi kwa mchezaji katika kila Sh1,000. Na iandikwe juu ya kitufe, siyo kule kwenye vigezo na masharti ambako hakuna anayefungua.